Buti la Gari la Papa

Jumapili iliyopita umeme ulipotea kanisani katikati ya sadaka. Kijana anayetunza jenereta aliijaza petroli karibu na mlango wa sakristia, ikammwagikia mikononi, akanawa papo hapo kwa sabuni ya mche. Harufu ikatufikia benchi letu la akina mama wazee. Wenzangu walijifunika pua kwa leso. Mimi nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Petroli na sabuni ya mche zikichanganyika hunirudisha kwenye kiti cha mbele cha gari dogo la rangi ya chungwa, magoti yamechubuka, sauti imekauka kwa kupiga mayowe.

Namshukuru Mungu kwamba amenipa miaka ya kutosha kuisimulia habari hii bila chuki. Ninyi wa rika langu mliolelewa Malaba na Busia nyakati zile mtajua kwamba siongezi chumvi.

Papa, ndivyo sisi Wateso tunavyomwita baba, alikuwa wakala wa forodha pale Malaba, kazi yake kuwatolea wenye malori mizigo yao. Gari alilinunua Busia kwa kijana wa duka la vitambaa aliyekuwa akishindana nalo kwenye mbio za magari, kabla familia yao haijahama. Lilikuwa na milango miwili tu, boneti jeusi, na ekzosi iliyokoroma kama mtu aliyeudhiwa. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa ili gari liwe jepesi. Mahali pake palikuwa na mabomba ya chuma ya kukinga paa na gurudumu la akiba lililofungwa kwa mikanda, kwa hiyo buti lilibaki tupu, ila jeki na spana ya magurudumu. Papa alilipaka rangi nyeupe ndani, likawa safi kama sahani.

Kila Jumamosi alivua shati akalihudumia. Alifungua plagi moja moja, akazisugua kwa brashi ya waya na petroli, akazipuliza, akazitazama kwenye jua kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe. Injini ilikuwa na kabureta mbili, na hizo ndizo alizozipenda kupita zote. Aliiacha injini ikiunguruma, akaweka ncha moja ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni, akasikiliza, kisha akahamia ya pili, akakaza skrubu kidogo, akalegeza kidogo. Alikuwa akitafuta zipumue sawa. Akimaliza alinawa kwa sabuni ya mche mpaka kwenye viwiko, lakini petroli haikumtoka kamwe.

"Mke mwenzangu ameoga?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Maana mimi hata maji ya kuoga mtu hajaniuliza."

"Mama Amongin, huyo hana mdomo," papa alijibu. "Ndiyo maana tunasikizana."

Mama alicheka, lakini alikuwa mwangalifu. Papa alikuwa na mkono mwepesi. Hakutupiga sisi watoto, wala sikuwahi kumwona akimpiga mama. Ila gari likiguswa, mkono ule ulitoka kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Nakumbuka tanboi mmoja, utingo wa lori, aliyekalia boneti akila mahindi ya kuchoma, miguu ikining'inia kwenye taa.

"Wewe, shuka," papa alisema.

"Aa boss, kwani itakufa? Si ni chuma tu."

Papa alimvuta kwa kola na kumpiga ngumi ya mdomo, punje za mahindi na damu zikaruka pamoja. Kijana akaanguka chini kati ya magurudumu. Dereva wake akashuka akipiga kelele, "Mzee! Unaua mtoto wa watu juu ya mabati?" Papa hakumtazama. Alitoa kitambaa mfukoni akapangusa damu kwenye boneti kwanza, polepole, mpaka rangi nyeusi ikang'aa. Ndipo akamtazama yule kijana.

Miaka ile ng'ambo ya daraja la mpakani palikuwa pabaya. Tuliamshwa na milio ya bunduki tukaendelea kupika uji. Niliona kwa macho yangu askari wa upande ule wakimchapa mwanamke wa ndizi kwa mkanda wenye chuma mpaka akaacha kulia, akawa anatoa sauti nyingine ambayo sitaki kuieleza. Watu walivuka kupitia mtama wakiwa wamekatwa masikio, wengine hawana meno. Waliowafuata hawakuvaa sare. Mama na majirani walisema juu yao kwa sauti ya chini wakichambua mboga, nami nilikaa kimya ili nisifukuzwe. Walivaa mashati ya maua, suruali pana chini, na miwani nyeusi. Walikuja kwa magari madogo yenye mbio. Waliwakamata watu mchana, sokoni, hata upande wetu huu, wakawaambia neno moja tu la Kiswahili: "Ingia." Na mahali pa kuingia palikuwa buti. Aliyeingia buti hakuonekana tena.

Nilimtazama papa. Alikuwa na shati la maua. Alikuwa na suruali pana chini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mtindo. Alikuwa na miwani nyeusi, kwa sababu dirisha la upande wake halikupanda vizuri na vumbi lilimwingia machoni. Alikuwa na gari dogo lenye mbio, na buti tupu, safi, aliloliosha kila Jumamosi. Nilijiuliza lilikuwa likioshwa nini.

Watoto wa kwa jirani hawakunisaidia. "Amongin, babako ni mtu wa buti," waliniimbia tukienda kisimani. "Leo amemla nani?" Niliwarushia mawe. Lakini nilipolala nilifikiri juu ya yule tanboi, na jinsi boneti lilivyopanguswa kwanza.

Sikumuuliza mtu. Mtoto akiogopa jibu hufunga mdomo, na hofu hukaa ndani ikinenepa.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Papa alikuwa akienda Busia kwa barabara ya vumbi inayopita Adungosi na Amukura, akanichukua ili nikamsalimie shangazi. Tulipopita Adungosi injini ilianza kukohoa. Papa alisimama kando ya shamba la mtama, akafungua boneti, akaiacha injini ikizunguka, akatia ule mpira sikioni. Nilibaki kwenye kiti changu mlango ukiwa wazi.

Mtu alitoka kwenye mtama akitambaa. Kisha akasimama. Alikuwa amevaa suruali nzuri ya kazini na kiatu kimoja. Shati lilikuwa limegandamana na mgongo kwa damu, na mkononi kucha hazikuwepo. Alikuwa akija kwetu mbio, mpaka alipomwona papa. Papa aliinua kichwa kutoka kwenye injini, miwani usoni, mafuta meusi mikononi. Yule mtu alisimama kama aliyegonga ukuta.

Mbali, nyuma ya mtama, tulisikia gari likipanda mlima kwa gia ndogo.

Papa alielewa upesi. Alikimbia nyuma, akafungua buti, akasema kwa sauti ya amri, maana hapakuwa na nafasi ya sauti nyingine: "Ingia! Ingia buti, haraka!"

Sasa najua alichokisema papa na alichokisikia yule mtu. Kwetu Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya kanisani, ndiyo tuliyofundishiwa sala. Kule alikotoka yule mtu, miaka ile, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Mama wa kule akisikia Kiswahili nje ya mlango aliwafunika watoto midomo. Papa hakuwa na lugha nyingine ya kumwambia mgeni. Alimwambia "okoka" kwa neno lile lile walilotumia wale wa mashati ya maua kusema "kufa".

Yule mtu alipiga magoti. "Ssebo, tonzita," alisema. "Nnina abaana." Kiganda kidogo tulikielewa kutoka sokoni, ingawa hatukukisema. Alikuwa akimsihi asimuue, kwamba ana watoto.

"Sikuui! Ingia!" Papa alimshika mkono.

Mtu alimng'ata papa kwenye kiganja, akashikilia kama mbwa, nikaona nyama ikiinuka. Papa alipiga yowe. Walivutana mpaka ubavuni mwa gari, na yule mtu, akitafuta cha kushika, alikikamata kioo cha pembeni akaking'oa, kikakwaruza mlango kuanzia mbele hadi nyuma. Papa alikuwa ameokota spana ya magurudumu kutoka kwenye buti. Alimpiga kichwani mara moja. Mtu akalegea, magoti yakakunjika, mikono ikaanguka. Alikuwa amekwisha kushindwa. Papa akautazama mlango wake, kisha akampiga tena.

Mimi niliiona ile ya pili. Niliisikia.

Kisha alimbeba, akamkunja, akamtia ndani ya ule weupe, akafunga.

Nilianza kupiga mayowe. Kwa akili yangu ya kitoto mambo yote yalikuwa yamejibiwa: watoto wa kisimani walikuwa wamesema kweli. Papa alikuja mlangoni pangu akanipiga kofi, la kwanza maishani mwangu, damu ya kiganja chake ikanibaki shavuni. "Nyamaza, Amongin. Ukilia tumekufa." Nikanyamaza. Nilidhani ameniambia zamu yangu imekaribia.

Gari refu jeupe lilisimama mbele yetu na vumbi likatupita. Walishuka wawili. Mashati yao yalifanana na la papa, hata miwani. Mmoja alikuwa na gazeti lililofunika mkono.

"Jambo, ndugu," alisema yule wa gazeti. "Iko mtu moja nakimbia hapa. We naona yeye?"

"Nimeona vumbi yenu tu, afande."

"Na hii damu?"

"Feni ya injini imenila." Papa aliinua kiganja. "Hebu ona vile imefanya. Na gari bado inakohoa."

Mwingine alicheka, akagonga boneti kwa vidole. "Gari muzuri. Nakimbia?"

"Ikiamua."

"Fungua buti."

Papa hakusita kudanganya. "Ufunguo ni moja tu, ya buti na ya injini. Ngoja nizime kwanza." Akabamiza boneti, akaingia kwenye kiti kana kwamba anazima, akaweka gia, akakanyaga.

Mlango wangu ulijifunga wenyewe kwa kishindo. Yule wa gazeti alirushwa mtaroni na ubavu wa gari. Kisha kioo cha nyuma kilipasuka chote kwa mara moja, vipande vikanijaa nywele, na mlio wa bunduki ukafuata, au labda ulitangulia. Papa alinisukuma chini kwa mkono wenye jeraha. Nilikuwa sakafuni, uso kwenye zulia, na nyuma yangu, ndani ya buti, yule mtu alikuwa ameamka. Alipiga. Alipiga kwa ngumi, kwa kisigino, kwa kichwa.

Gari liliruka kwenye mashimo likatua kwa tumbo. Mabomba yalilia. Papa alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa, nami nikadhani amerukwa na akili: "Piga, ndugu! Piga nisikie!" Nilidhani anamdhihaki. Kumbe mlio wa chuma ulikuwa umemwambia jambo ambalo mimi sikulijua. Jiwe la kwanza tulilolipanda lilipasua ekzosi, na moshi ulikuwa ukiingia kwenye buti. Maadamu alisikia ngumi, yule mtu alikuwa anapumua.

Gari jeupe lilitufikia karibu na kalavati la kijito, mahali ambapo barabara hupinda kushoto ghafla. Papa hakupunguza mwendo. Alivuta breki ya mkono, gari likageuka ubavu, likateleza, likashika. La kwao lilikuwa refu na zito. Nilisikia likigonga kichuguu, kisha mlio wa mabati usio na mwisho, kisha honi ikaanza kulia yenyewe bila kukoma. Ilitusindikiza mbali sana. Sikujua kama walikufa. Nimewaombea wote wawili miaka yote hii, nami naamini kuna anayejua majina yao.

"Piga!" papa alisema.

Ngumi zilikuwa zimenyamaza.

"Piga, ndugu yangu. Tafadhali." Nikamwona akilia chini ya miwani, machozi yamechora njia kwenye vumbi la mashavu. Sikumwelewa hata kidogo. Muuaji anayelia ni kitu ambacho sikuwa nimekisikia jikoni.

Tuliingia uwanja wa misheni moja karibu na Amukura, honi yetu ikilia, kuku wakiruka. Vibarua walikuwa wakijenga ukuta. Papa aliruka nje kabla gari halijasimama vizuri, akakimbilia buti, akalifungua, moshi wa buluu ukatoka, akainamisha kichwa ndani kumtafuta.

Yule mtu alikuwa amebanwa na kifo, na mkononi alikuwa ameshika mpini wa jeki. Nguvu alizopewa pale alizitumia zote. Alimpiga papa usoni. Miwani ilipasuka, na vipande vikaingia katika jicho la kushoto. Papa alianguka bila sauti. Mtu akadondoka kutoka butini, akaanza kutapika na kutambaa.

"Mwizi!" mtu alipiga kelele ukutani. "Mwizi wa gari! Ameua mwenye gari!"

Wenzangu, mnajua neno lile hufanya nini kwetu. Walikuja na majembe, mbao na matofali. Mateke ya kwanza yalimpindua chali. Mzee mmoja mwenye rozari shingoni, namkumbuka vizuri, aliinua tofali kwa mikono miwili. Yule mtu hakujikinga tena. Alifumba macho tu.

Papa alitambaa. Nusu ya uso wake ilikuwa imefunikwa na damu na hakuona aendako, alikwenda kwa kupapasa ardhi. Alipogusa mguu wa yule mtu aliupanda kama mtoto anayepanda mgongo wa mama yake, akamlalia juu kwa urefu wote. Tofali lilimpata begani. Ubao ulimpata mgongoni, tena, na tena, kwa maana mtu akishaanza kupiga si rahisi kuacha.

"Msimpige!" alisema. "Ni mgeni wangu! Ni mgeni wangu!"

Nilitoka garini. Sijui nilitokaje. Nilijitupa juu ya papa nikakumbatia shingo yake, na pengine hilo ndilo lililowasimamisha, mtoto wa kike aliyejaa vioo nywelani akiita papa, papa. Kwa sababu sasa nilikuwa nimeona. Watu wa buti hawalali juu ya mtu.

Sista mmoja alikuja mbio kutoka zahanati akiwa na sindano bado mkononi. Alizaliwa upande ule, na Kiganda kilikuwa lugha yake. Alipiga magoti kwenye vumbi akazungumza na yule mtu sikioni, kwa muda mrefu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe aliyenaswa. Yule mtu alifumbua macho akamtazama papa aliyekuwa juu yake.

Jioni ile tulikuwa sote katika chumba kimoja cha zahanati. Mama alikuwa amepelekewa habari. Yule mtu, ambaye tulikuwa tumeambiwa kwamba ni mwalimu wa shule, alikuwa amefungwa bendeji kichwani na vidoleni. Papa alikuwa amefungwa macho yote mawili; la kushoto halingeona tena. Nje, gari lilisimama pale pale lilipoachwa, mlango umechorwa, ekzosi imening'inia chini, kuku wakiingia kupitia dirisha la nyuma. Papa hakuuliza habari zake.

"Amongin," aliniita. "Uliniogopa?"

"Ndiyo, papa."

Aligeuza kichwa. "Sista yuko hapa?"

"Niko hapa, mzee."

"Mwambie mwalimu nilimpiga mara mbili."

"Amekwisha kuelewa, mzee. Anajua ulikuwa unamwokoa. Anamshukuru Mungu kwa ajili yako."

"Mara ya kwanza nilikuwa namwokoa," papa alisema. "Mwambie hiyo. Halafu mwambie ile ya pili ilikuwa ya gari."

Sista alinitazama, kisha akalitazama dirisha. "Mzee, pumzika. Si lazima nitafsiri kila neno."

"Tafsiri, sista. Huyu mtu amesikia uongo wa kutosha."

Akatafsiri. Ilikuwa sentensi fupi. Mwalimu aliisikiliza, akaomba irudiwe, na ikarudiwa. Papa alilala akisubiri, uso umeelekea upande ambao hakuna mtu, mkono wake ule mwepesi umelala juu ya blanketi, kiganja wazi na alama za meno.

Mpishi aliingia na bakuli moja la ugali wa wimbi na kunde, akaliweka kwenye kiti karibu na mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameketi. Mwalimu hakunawa wala hakugusa. Aliinuka kwa shida, akishika ukuta, akalichukua bakuli kwa viganja vyake vilivyofungwa, akaja akaketi ukingoni mwa kitanda. Alilisogeza juu ya blanketi mpaka likagusa vidole vya papa. Kisha akasubiri, naye hakuanza mpaka papa alipopata tonge.